Fedha itakayokuwepo Februari: ulinganisho wa njia za kugharamia huduma za familia zenye shida Mtwara na Lindi

Huku kwetu uwanda wa Makonde, Februari ndio mwezi unaomtambulisha mwenye shida. Fedha ya korosho iliyoanza kuingia Oktoba imeshakwenda kwenye madeni, sherehe na sare za shule, na mahindi yaliyopandwa mvua zilipoanza bado mabichi. Ndio mwezi mtoto anaacha kwenda shule bila kuumwa. Ndio mwezi pia ambao mimi, kwa miaka niliyokuwa mhazini wa kikundi chetu cha huduma kijijini, nimefungua sanduku nikakuta halina kitu mara nyingi kuliko mwezi mwingine wowote.

Februari moja nilikwenda kwa bibi anayelea wajukuu watatu. Mkubwa wao, wa darasa la tano, alikuwa na siku tisa hajaonekana shuleni, na mhudumu wetu alikuwa ameliandika jina lake kwenye daftari. Nikamkuta bibi uani anachambua kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda ukae."

Nilimuuliza korosho zake zilikwenda wapi, maana ana mikorosho kumi na miwili na jina lake sikuliona kwenye orodha ya malipo ya AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika. Aliendelea kuchambua kisamvu chake, kisha akasema, "Zile nilizila zikiwa maua."

Julai mjukuu wake mdogo aliumwa, akachukua elfu arobaini kwa mtu wa kangomba, na msimu ulipofika korosho zikaenda kwa huyo mtu. Kwa asiye mwenyeji, kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa wakulima vijijini kwa bei ya chini, nje ya ghala na mnada. Imekatazwa, lakini anayeumwa Julai hana njia ya kusubiri mnada wa Oktoba.

Mahitaji ya bibi huyu ni madogo na yanajulikana: elfu arobaini Julai, madebe mawili ya mahindi Februari, na mtu wa kupita kwake kila baada ya wiki mbili. Yote matatu tunaweza kuyafanya. Kinachotushinda ni kuyafanya mwaka huu, mwaka kesho, na mwaka ambao yule mdogo atakuwa kidato cha pili. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu kwa wenzangu wanaoongoza vikundi, kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) za vijiji na mitaa, na yeyote anayetakiwa kuamua kikundi chake kiegemee fedha ipi.

Nitatumia kipimo kimoja katika kila njia: je, fedha hii itakuwepo Februari? Na nyuma yake kuna swali la pili: nani ana uwezo wa kuikata, na anaishi wapi?

Kwanza tujue tunatafuta kiasi gani

Vikundi vingi huanza kutafuta fedha kabla ya kujua vinahitaji ngapi. Tuseme kijiji kina wahudumu wanane wa kujitolea, na kila mmoja apewe nauli ya 15,000 kwa mwezi, kwa sababu vitongoji vya mbali hufikiwa kwa bodaboda. Hiyo ni 1,440,000 kwa mwaka. Weka madebe 50 ya mahindi kwa kaya 25 za kusaidiwa Februari na Machi. Debe likiwa 15,000, ni 750,000. Weka 400,000 ya dharura: kumpeleka mgonjwa hospitali, sare, madaftari. Jumla ni 2,590,000. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini ukubwa wa mzigo ni huo. Kwa kijiji ni fedha ya kubebeka, ingawa hakuna mtu mmoja wa kuibeba peke yake.

Ndani ya hesabu hiyo mna fedha za aina mbili. Nauli hutakiwa kila mwezi bila kuruka. Mahindi hutakiwa mara moja, na ukiyanunua Juni au Julai baada ya mavuno unapata madebe mengi kwa fedha ileile. Kikundi kinachochanganya fedha hizi mbili hufika Februari hakina mahindi wala nauli.

Mradi wa mfadhili na makato ya korosho

Mradi wa mfadhili una mazuri yake, na nayasema kwa moyo mweupe. Fedha huja nyingi kwa pamoja, na mafunzo huja nayo. Namna ya kuandika habari za mtoto bila kumwaibisha, lini umpeleke mtu dawati la jinsia la polisi na lini umwite afisa ustawi wa jamii, kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure, yote hayo tulijifunza kwenye miradi. Fomu tunazotumia mpaka leo zilitoka huko. Shilingi za korosho haziwezi kukufundisha hayo.

Tabu yake iko kwenye kalenda. Mradi huandikiwa mwaka mmoja, miwili au mitatu, na hufungwa siku iliyoandikwa hata kama mtoto yuko darasa la nne. Wakati mwingine hata siku hiyo haufiki. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya nchi yake kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ikaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Nauli ya wahudumu wetu ilikuwa inapitia shirika moja lililotegemea fedha za nje. Taarifa ilitufikia kwa simu, wahudumu wawili wakiwa njiani kumpeleka mgonjwa. Hapo kijijini na wilayani hakuna aliyetukosea. Uamuzi ulifanyika mahali ambapo hakuna anayemjua yule bibi, wala asingeweza kumjua.

Sasa weka kando yake makato ya korosho. Mkulima anapeleka korosho ghalani kwa AMCOS yake. Chama kikuu kinazipeleka mnadani, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, RUNALI na Lindi Mwambao kwa mkoa wa Lindi, kisha malipo yanarudi yakiwa na orodha ya makato. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008, kwa hiyo njia ya kukusanya ipo tayari. Wanachama wakikubaliana kwenye mkutano mkuu kuongeza mstari mmoja wa shilingi 15 kwa kilo, na ghala la kijiji likakusanya tani 200, mfuko unapata milioni tatu bila mtu kugonga mlango wa mtu.

Kinachonivutia zaidi kwenye njia hii ni haki iliyomo. Mkulima wa kilo 2,000 anatoa 30,000. Mjane wa kilo 60 anatoa 900. Linganisha na ule mchango tuliouzoea wa kila kaya 5,000, ambapo mjane na mwenye ekari ishirini wanatoa sawa, na asiye nayo anafuatwa na mgambo. Nimewahi kuona kaya iliyopo kwenye orodha yetu ya kusaidiwa ikidaiwa mchango wa kusaidia kaya zenye shida. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge.

Upande wa pili, makato yana maumivu yake. Mkulima amechoka kukatwa. Ukiweka stakabadhi mezani atakuonyesha mistari ambayo hajui inakwenda wapi, na wa kwako utakuwa mmoja wao usipousomea hesabu hadharani. Anayeuza kwa kangomba hakatwi, wala mvuvi, wala mwenye duka. Na mti haujui kwamba una watoto wa kulea: ukungu ukipiga maua au dawa ya salfa ikichelewa, tani 200 zinakuwa 110, na milioni tatu inakuwa 1,650,000.

Hata korosho zikiwa nyingi, malipo yanaweza kuchelewa. Wazee wa zao hili wanaukumbuka msimu wa 2018, bei za mnadani zilipokataliwa na Serikali ikaamua kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ukachukua muda na wapo waliosubiri fedha yao miezi mingi. Kikundi kilichokuwa na tegemeo hilo moja, Februari ya 2019 kingekuwa na ahadi mkononi na sanduku tupu.

Kwa hiyo hesabu ya nauli ipangwe kwa mwaka mbaya. Kama mwaka mbaya unaleta 1,650,000, basi nauli ya 1,440,000 imo na huduma haisimami. Mwaka mzuri unapoleta milioni tatu, ziada isiongeze idadi ya wahudumu. Inunue mahindi, na ibaki akiba ya mwaka unaofuata. Sisi tulifanya kinyume. Mwaka wa neema tuliongeza wahudumu watano, mwaka uliofuata tukawaacha, na wawili kati yao hawajarudi kwenye kazi hii mpaka leo.

Kati ya hizi mbili, mimi nachagua korosho iwe msingi na mradi uwe nyongeza. Mradi ukija, upokee, uutumie kwa vitu vinavyobaki kufanya kazi baada yake: mafunzo, baiskeli, kabati la kufungia mafaili ya watoto, ukarabati wa chumba cha kuhifadhia mahindi. Ukiweka nauli ya kila mwezi ndani yake, siku ukifungwa unafunga na milango ya wale bibi. Kama mfadhili atasisitiza kulipa posho, zungumza naye tangu siku ya kwanza jinsi itakavyopungua mwaka hadi mwaka huku mfuko wa kijiji ukipanda. Wengine wanakubali. Wengi hawajawahi kuombwa hivyo.

Makato haya hayaanzishwi kwa neno la mwenyekiti. Yapite mkutano mkuu wa wanachama wa AMCOS, yaandikwe kwenye muhtasari, afisa ushirika wa halmashauri ayajue, na fedha iingie akaunti yake yenyewe, mbali na fedha za uendeshaji wa chama. Hoja ipelekwe kabla ya msimu, Agosti au Septemba. Oktoba watu wanasikiliza bei tu.

VICOBA, zaka na sadaka

Fedha ya VICOBA ndogo, lakini ina tabia moja nzuri kuliko zote: inaingia kila wiki. Hata Februari. Kila kikundi cha kuweka na kukopa kina mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, ambao mwanachama hutumbukiza mia tano au elfu moja kila kikao kabla ya kununua hisa. Sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo ni watu watatu tofauti. Kwa uwazi, sijaona mfumo unaoufikia huu: fedha inahesabiwa chini kwenye mkeka, watu wote wakitazama.

Udhaifu wake ni kwamba mfuko huo ni wa wanachama. Yule bibi si mwanachama wa kikundi chochote, maana hisa ya elfu mbili kila wiki haiwezi. Vikundi vya kuweka na kukopa, bila kukusudia, huwaacha nje walewale tunaowatafuta.

Kuna namna ya kuvuka hapo, nasi tumeijaribu. Vikundi vitano vya kijiji, vyenye watu 25 kila kimoja, vilikubali kila mwanachama aongeze mia mbili kwa wiki kwa ajili ya kaya zisizo na kikundi. Ni 25,000 kwa wiki, kama laki moja kwa mwezi. Haifiki 120,000 ya nauli ya wahudumu wanane, lakini inakaribia, na inakuja mwezi kwa mwezi kama nauli inavyotakiwa. Tulichojifunza ni kwamba mia mbili hizo zitolewe kwenye sanduku siku hiyohiyo ya kikao na kusainiwa, la sivyo Desemba kikundi kikivunja na kugawana, zinagawanywa pamoja na hisa. Ilitokea kikundi kimoja. Hakukuwa na wizi, walisahau tu. Na vikundi viwe vimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kikundi kisichosajiliwa halmashauri kina shida ya kufungua akaunti na hata ya kutambulika.

Zaka na sadaka ziko jirani na VICOBA kwa kuwa nazo hutoka mikononi mwa majirani. Pwani yetu, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, misikiti imekuwa ikilisha mayatima na wajane kabla mtu hajasikia neno mradi. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 kwa mwenye kufikia kiwango, na wanaostahili wametajwa makundi manane katika Sura At-Tawba aya ya 60, mafukara na masikini wakiwa wa kwanza. Upande wa Masasi na Ndanda, ambako misheni ya Wabenediktini ya Ndanda ipo tangu 1906, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki hutembeleana na kuchangiana kwa utaratibu wao. Fedha hizi zina heshima ambayo fedha ya mradi haina: anayepokea haulizwi maswali kumi na sita.

Ila zinafuata majira yao. Ramadhani mchele unafurika, na miezi mingine hakuna anayekumbuka. Pia zaka ina wenyewe, kwa hiyo usiitegemee kwa nauli na madaftari kabla ya kukaa na maimamu mkaelewana nini kinafaa kutoka kwenye zaka na nini kitoke kwenye sadaka ya kawaida. Sisi tuliwaomba watusaidie chakula tu, na tukawapa orodha ya kaya bila kuchagua dini. Hilo la orodha moja kwa kijiji kizima ndilo lililofanya msikiti na kanisa wakubali kuhifadhi mahindi yao kwenye chumba kimoja.

Na chumba chenye mahindi karibu kina thamani kuliko ahadi ya lori. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika wilaya ya Kilwa, abiria na mizigo vilikwama. Kilicholiwa siku zile ni kile kilichokuwa upande wa huku.

Halmashauri: tofautisha mambo matatu

Hapa watu wengi huchanganya, nami nitakwenda haraka.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia mpango wa kunusuru kaya masikini, imekuwa ikilipa kaya yenyewe ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Ni msaada mkubwa na hauna mbadala kijijini. Lakini haulipi wahudumu wako, na mpango wenyewe hutekelezwa kwa vipindi. Kipindi cha pili cha awamu ya tatu kilizinduliwa Februari 2020. Kazi yenu ni kuhakikisha kaya inayostahili inajulikana wakati wa utambuzi, na iliyomo haipotezi malipo kwa sababu ya kitambulisho au laini ya simu iliyokufa. Tulimpata mzee mmoja ambaye fedha yake ilikuwa inarudi kwa sababu laini ilisajiliwa kwa jina la mtoto aliyehamia Dar.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kikundi kinachochukua mkopo huu kikalipia chakula cha yatima kimemkopea yatima deni. Uchukueni kwa kazi inayozalisha, na mkumbuke kwamba mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Muda wote huo waliokuwa wameutegemea walikaa bila fedha.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika: bajeti ya kijiji chenyewe. Serikali ya kijiji ina kamati ya huduma za jamii, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mstari wa "usaidizi wa kaya zenye mazingira magumu" ukiingia humo, hata kwa laki tatu, unakuwa jambo la kijiji kizima na mtendaji anaulizwa. Fedha hiyo hucheleweshwa, na mwaka wa ujenzi wa madarasa ndiyo ya kwanza kukatwa. Hata hivyo naipenda kwa sababu anayeikata anakaa mita mia tatu kutoka kwa bibi, na atamkuta kisimani.

Miti, wakfu na msitu

Shamba la kikundi linasikika vizuri kikaoni kuliko linavyoonekana Machi. Nani atapalilia? Tulikuwa na ekari mbili za ufuta. Mwaka wa kwanza watu thelathini walikuja na majembe, mwaka wa pili kumi na mmoja, mwaka wa tatu majani yalitushinda. Kama mnataka shamba, lilipiwe palizi kama kazi nyingine, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Bila hivyo msilianze.

Wakfu wa mikorosho ni habari nyingine. Mwenye shamba anaweka wakfu miti kumi au ishirini: mti haurithiwi wala hauuzwi, na korosho zake zinakwenda kwa mayatima. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na huendelea kwa miongo mingi, kwa hiyo zawadi ya mzee mmoja inaweza kulisha watoto ambao hajawaona. Miti inabaki ndani ya shamba linalotunzwa na familia, hivyo swali la palizi linapungua. Ugomvi hutokea mzee akifariki na warithi wakasema hawakujua. Andikeni mapema, mbele ya warithi, mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa dini, na miti ihesabiwe na kuwekewa alama. Ukiniuliza ni njia gani imepuuzwa kuliko zote Mtwara na Lindi, nitakujibu ni hii.

Kwa vijiji vya Kilwa, Liwale na kwingineko kwenye miombo kuna neema ambayo sisi wa uwanda wa Makonde hatuna: msitu wa hifadhi wa kijiji. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikausimamia na kubaki na mapato ya mbao. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwemo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha msitu unaosimamiwa vizuri, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, na mpingo wake ukauzwa ukiwa na jina zuri. Fedha ya namna hiyo mara nyingi hujenga: ofisi, darasa, kisima. Ukiwa kwenye kijiji kama hicho, pigania asilimia ndogo iliyoandikwa kwenye sheria ndogo za kijiji kwa ajili ya kaya zenye shida, kabla fedha haijaingia. Ikishaingia, saruji ina watetezi wengi kuliko bibi.

Kuhusu kampuni za gesi na saruji, nina machache. Kwenye maeneo ya Mnazi Bay, Madimba, Songo Songo na kiwanda cha Dangote pale Msijute, tofautisha ushuru wa huduma ambao kampuni inalipa halmashauri kwa sheria, na msaada inaoutoa kwa hiari. Wa kwanza ufuatilie kupitia diwani wako, maana ni haki ya wananchi. Wa pili uombee vitu vya mara moja, kama magodoro na mabati. Usiutegemee kwa jambo la kila mwezi.

Kipi kwa nani

Kijiji chenye ghala la korosho lililo hai: makato ya kilo yawe msingi, VICOBA vilipie nauli ya miezi iliyo kati ya msimu na msimu, na mradi wowote utakaokuja uishie kwenye mafunzo na vifaa.

Kijiji cha wavuvi, ambako korosho ni chache: anzeni na VICOBA na msikiti. Njia ya sehemu ndogo ya mauzo ya mnada wa samaki inafanana na makato ya kilo, lakini ipitisheni kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na wavuvi wenyewe, na muwe wapole miezi ya upepo ambapo hakuna anayeingia baharini.

Mitaa ya mjini, Mikindani au Lindi mjini, mara nyingi haina AMCOS wala msitu. Huko wapo wafanyakazi wenye mishahara, wafanyabiashara wa sokoni na bodaboda wenye vyama vyao. "Lipa namba" moja ya simu, yenye watu watatu wa kuthibitisha kila malipo yanayotoka, na taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa ofisi ya mtaa kila tarehe tano, imefanya kazi mahali ambapo sanduku la michango halikufanya.

Kijiji ambacho kimeibiwa fedha ya umma karibuni, msianzishe makato yoyote mwaka huu. Anzeni na mia mbili ya VICOBA inayohesabiwa kwenye mkeka. Watu wakishaona miezi sita ya hesabu, ndipo mpeleke hoja AMCOS.

Sisi tuna kaya 23 kwenye daftari sasa. Mahindi yapo, madebe 31, yalinunuliwa Julai na kuwekewa dawa. Nauli ya wahudumu imelipwa mpaka mwisho wa mwezi ujao kwa fedha ya VICOBA, na makato ya kilo tumeyapitisha kwa msimu huu, shilingi 10 badala ya 15 tulizoomba, baada ya ubishi wa saa nne. Elfu arobaini ya Julai bado hatujaipatia njia. Tunafikiria mkopo mdogo usio na riba, unaorudishwa baada ya mnada, kwa mwenye mikorosho anayeumwa au kuuguza kabla ya msimu. Mzee mmoja kikaoni alisema tumpe yule bibi wa kwanza, tuone kama safari hii korosho zake zitafika ghalani.